Mtambo unawaka leo, kesho unagoma: muulize mteja haya kabla hujamfungia kipuri

"Boss, stata ya kijiko mnayo? Bei ya mwisho ngapi? Nitumie leo kwa basi la usiku."

Kama unauza vipuri vya umeme vya mitambo mizito mtandaoni, meseji ya namna hii unaijua. Inakuja na picha moja, kipuri kimejaa grisi, namba haisomeki, lakini hela iko tayari. Mkono unawasha kufunga mzigo. Kabla hujafunga, muulize swali moja tu: "Inagoma muda wote, au kuna wakati inapiga yenyewe?"

Akijibu "muda wote", umepata kazi rahisi. Akijibu "mara nyingine inapiga, mara nyingine inazingua", hapo tulia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kipuri unachotaka kumuuzia siyo ugonjwa. Atakifunga, mtambo utawaka siku mbili kwa sababu fundi katikisa nyaya wakati anafunga, siku ya tatu utagoma tena. Hapo ndo utaanza kupigiwa simu: "Umeniuzia kitu kibovu."

Wenye maduka ya Gerezani pale Kariakoo wanalijua hili vizuri, ndiyo maana wengi wameandika ukutani kwamba kifaa cha umeme kikishatoka hakirudi. Wewe wa mtandaoni huna ukuta. Una ukurasa wenye maoni ya watu, na mteja mmoja mwenye hasira anaweza kukuharibia kazi ya mwaka mzima. Nauli ya mzigo kwenda Kahama na kurudi nayo ni ya kwako. Na upande wa mteja ni pabaya zaidi, kwa sababu kijiko kimesimama, opereta analipwa, aliyekodi anataka kazi yake, na hela ya stata imeshaondoka.

Kwa hiyo leo tuongee namna hitilafu hizi za kuja na kuondoka zinavyofanya kazi, ili umsaidie mteja kwenye simu na ujue lini uuze na lini uzuie mkono. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kujua cha kuuliza.

Kwanza elewa kitu kimoja. Kifaa kilichokufa kabisa hakifufuki saa nne asubuhi na kufa tena saa nane mchana bila sababu. Kitu kinachowaka na kuzima ni kitu kinachogusa na kuachia. Mara nyingi ni waya, kichwa cha waya, konekta, swichi au ethi. Mtambo mzito una kila kitu cha kuchosha viungo hivyo. Injini ya dizeli inatikisa kutwa nzima, vumbi linaingia, matope yanakauka juu ya nyaya, halafu jioni kijana anakuja na mashine ya presha kuosha na maji yanapenya kwenye konekta. Ukiweka na chumvi ya hewa ya pwani, shaba inageuka unga wa kijani. Na mtambo uliopaki wiki tatu, panya wameshahamia. Usicheke, panya ni fundi mkubwa wa kukata nyaya.

Ila tuwe wakweli, vipo vipuri ambavyo vyenyewe hufa kwa vipindi. Stata yenye brashi zilizoisha, ukiigonga kidogo na nyundo inapiga, kesho hata ukigonga haisikii. Rilei yenye vidole vilivyoungua. Swichi ya funguo iliyolegea ndani. Sensa ambayo koili yake ikipata joto inaachia, ikipoa inashika. Hivi vyote unaweza kuuza kwa moyo mweupe. Kazi ni kuvitofautisha, na kinachotofautisha ni neno "lini".

Lini inagoma? Mteja atakuambia "basi tu, yenyewe". Mbane kiungwana. Asubuhi kabla haijapata moto? Baada ya saa mbili za kazi? Baada ya kuoshwa au mvua? Ikipita kwenye makorongo? Ukinyanyua boma? Ukiwasha taa za kazi? Kila jibu linaelekeza sehemu yake.

Akisema inazima ikishapata moto, halafu ukisubiri nusu saa inawaka kama hakijatokea kitu, hapo sensa ya mzunguko wa injini au selenoidi ya kuzima mafuta inaingia kwenye orodha. Lakini muulize inavyozima. Inakata ghafla kama mtu kazima swichi, au inafifia, inakosa nguvu, inakohoa ndipo inazima? Inayokata ghafla mara nyingi ni umeme. Inayofifia mara nyingi ni mafuta: filta imeziba, kuna hewa kwenye njia, tangi lina uchafu. Hilo swali moja linaweza kukuokoa usiuze sensa kwa mtu anayehitaji filta ya dizeli.

Akisema inagoma baada ya kuoshwa au asubuhi yenye umande, usiuze kitu chochote leo. Afungue konekta, aangalie unyevu na ukijani, akaushe, asafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, aangalie kama mpira wa kuziba maji bado upo. Mara nyingi utakuta ule mpira ulipotea siku fundi wa kwanza alipofungua.

Akisema fyuzi inaungua, lakini siyo kila siku, ila akinyanyua boma au akikata kona na loda, hapo waya umechubuka sehemu ya kiungo na unagusa bodi pale tu mtambo unapojikunja. Loda inayojikunja katikati ina fungu la nyaya linalopita pale pale kwenye bawaba, na kila kona inazisugua. Hapo kuna jambo la kumkataza mteja kwa sauti: asiweke fyuzi kubwa zaidi, wala kipande cha waya, wala msumari. Fyuzi ikikataa kuungua, kinachoungua ni waya, halafu dizeli na mafuta ya haidroliki viko hapo hapo. Mitambo imeteketea kwa ujanja huo.

Akisema inagoma ukiwasha taa na feni pamoja, anza na betri, alteneta na ethi. Na hapa ndipo tutakaa kidogo, kwa sababu stata na alteneta nyingi zinazouzwa bila sababu zinauzwa kwa ajili ya waya wa ethi.

Mitambo mingi mikubwa inatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa kufuatana. Trekta nyingi na mitambo midogo inatumia volti 12. Usikisie, muulize, na mwambie akupigie picha ya betri na nyaya zake. Betri mbili zilizojaa, injini imezimwa na imepumzika, zisome volti 25 na kitu kwa pamoja. Kila moja peke yake isome kama 12.6. Apime kila moja. Ukikuta moja ina 12.6 na nyingine 11.8, hiyo ya pili inamvuta mwenzake, na ndiyo maana siku nyingine stata inapiga na siku nyingine inatoa "ta!" moja na kunyamaza. Watu wengi hubadilisha betri moja tu ili kubana matumizi. Kwenye volti 24 hiyo ni kujichimbia shimo, maana mpya na chakavu hazijazi sawa, na ile mpya itachakaa kabla ya wakati wake.

Injini ikiwa inazunguka, mtambo wa volti 24 usome kati ya 27 na 28.5 hivi. Wa volti 12 usome kama 13.8 hadi 14.4. Ikisoma hivyo, alteneta inachaji, usimuuzie nyingine. Ikibaki 24 na injini inazunguka, usikimbilie pia kumuuzia. Mwambie aangalie mkanda kwanza, halafu waya mnene unaotoka alteneta kwenda betri, halafu waya mdogo wa taa ya chaji. Vitatu hivi vikiwa salama, uza alteneta.

Sasa ethi. Umeme ukitoka betri kwenda kwenye stata lazima urudi. Njia ya kurudi ni bodi ya injini, waya wa ethi, fremu, mpaka ncha ya hasi ya betri. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila ule waya wa ethi kati ya injini na fremu, umeme hauna njia ya maana. Waya ukiliwa na kutu, au nati ikifungwa juu ya rangi, umeme mdogo unapita vizuri. Taa zinawaka, dashibodi inaonesha kila kitu, mteja anakuapia betri ni nzima. Ukipiga stata inayotaka mamia ya ampia, njia inakuwa kama mpira wa maji uliokanyagwa na gari.

Kipimo chake kinataka mita ya kawaida na watu wawili. Mita iwekwe kwenye volti za betri. Mmoja ashike waya mmoja wa mita kwenye ncha yenyewe ya hasi ya betri (ile ncha, siyo kichwa cha waya) na mwingine kwenye bodi ya stata, sehemu iliyokwanguliwa ikang'aa. Mwenzake apige stata. Ikisoma sehemu ndogo ya volti, njia ya kurudi ni nzima. Ikisoma volti 2 au 3, umeme unapotelea njiani, na stata mpya itakutana na njia ile ile mbovu. Wafanye hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka ncha ya betri mpaka skrubu kubwa ya stata inayopokea waya wa betri. Betri zenyewe nazo wakati stata inavuta zisishuke sana. Kwa mtambo wa volti 24 zikishuka chini ya 18 hivi, betri zimechoka, au stata imejam na inavuta kupita kiasi.

Angalia, kipimo hiki lazima kifanyike wakati mzigo unavuta. Fundi atakwambia "nimepima waya, unapitisha". Amepima mtambo umezimwa, kwa mlio wa mita. Waya mnene uliobakiza uzi mmoja tu wa shaba utalia kwenye mita kama kawaida na utasoma volti zote. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo haiwezi kuumbua waya. Ukitaka kuumbua waya mwembamba wa rilei au selenoidi, ukishauchomoa kwenye kifaa chake, uning'inizie mzigo: taa ya kupimia yenye globu ya indiketa au ya taa ya breki, ya volti sawa na mtambo. Globu ikiwaka kwa nguvu, waya mzima. Ikiwaka hafifu, au ikiwaka na kuzima ukitikisa, umempata. Onyo moja tu: taa ya globu isichomekwe kwenye nyaya za kompyuta ya mtambo na sensa zake, inavuta umeme mwingi kuliko zile njia zilivyotengenezwa na inaweza kuunguza kompyuta. Pale tumia mita.

Kutikisa nako ni kipimo kamili, wala siyo ushirikina. Mtambo ukiwa umewaka, au mita ikiwa imeunganishwa, fundi anashika fungu la nyaya kipande kwa kipande, anapinda, anavuta kidogo, anagonga konekta kwa mpini wa bisibisi. Pale injini itakaposita au mita itakaporuka, ndipo ugonjwa ulipo. Kabla ya hapo boma liwe chini, breki imefungwa, magurudumu yamezuiwa, na mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Na asitoboe nyaya kwa sindano ili apime. Kila tundu ni mlango wa maji, na miezi sita baadaye ndilo litakalokuwa hitilafu mpya.

Swichi za usalama zinasahaulika sana. Kijiko kina mkono wa kufunga haidroliki pembeni ya kiti, na chini yake kuna swichi ndogo. Trekta na folklifti nyingi zina swichi ya kiti au ya gia kuwa huru. Swichi hiyo ikilegea, mtambo unagoma kuwaka au unakatika opereta akiinuka kidogo kwenye kiti anaporuka tuta. Mteja atataka stata, wakati kinachotakiwa ni swichi ya bei ndogo. Muulize: "Ukitikisa gia au ule mkono wakati unapiga funguo, inabadilika?" Lakini usimshauri wala usimuuzie njia ya kuifunga moja kwa moja hiyo swichi. Imewekwa ili mtambo usiondoke na mtu yuko chini.

Tuje kwenye rilei, maana wengi wenu mnaziuza kwa wingi. Rilei ni kitu cha kujaribu bila gharama. Kwenye boksi la fyuzi mara nyingi kuna mbili au tatu zinazofanana kabisa, namba na mchoro. Abadilishane ile ya honi na ile inayoshukiwa. Ugonjwa ukihama, muuzie rilei. Ukibaki pale pale, siyo rilei. Sekunde 30, hamna mzigo uliosafirishwa.

Na tafadhali, volti zake andika kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Rilei ya volti 12 ukiiweka kwenye mtambo wa volti 24 itafanya kazi, ndiyo, na ndiyo hatari yake. Volti mara mbili maana yake joto mara nne kwenye koili. Itapiga siku chache kisha itaanza kuzingua ikishapata moto, halafu itakufa. Ya volti 24 kwenye mtambo wa volti 12 aidha haitashika au itashika kwa kusitasita. Kama maandishi yamefutika, pima koili kwenye miguu ya 85 na 86: ya volti 12 mara nyingi husoma ohm 70 hadi 100 hivi, ya volti 24 husoma 250 hadi 350 hivi. Tofauti ni kubwa, huwezi kukosea. Miguu mingine: 30 ni umeme unaoingia, 87 unaotoka rilei ikishika, na 87a, kama upo, unapitisha rilei ikiwa imelala. Piga picha ya miguu na mchoro ulioko ubavuni. Rilei mbili zenye umbo moja zinaweza kuwa na miguu iliyopangwa tofauti, na hapo mteja ataunguza kitu.

Selenoidi ya kuzima mafuta ina kisa chake. Nyingi zina koili mbili ndani: moja ya kuvuta, inayokula umeme mwingi kwa muda mfupi sana, na moja ya kushikilia, inayokula kidogo muda wote. Ile ya kuvuta haikutengenezwa kukaa na umeme. Mkono wa pampu ukiwa mgumu, au fimbo ikirekebishwa vibaya kiasi kwamba selenoidi haifiki mwisho wake, au rilei yake ikigandia, koili ya kuvuta inaendelea kupikwa mpaka inaungua. Kwa hiyo mteja akikwambia "hii ni ya tatu mwaka huu, zenu feki", usibishane. Muulize kama fimbo inafika mwisho kwa mkono bila kukwama, na kama umeme kwenye waya wa kuvuta unakatika baada ya injini kuwaka. Ukimuuzia ya nne bila kuuliza, unajua itarudi.

Mitambo ya miaka ya karibuni ina kompyuta na inaonesha namba za hitilafu. Mwambie akupigie picha ya skrini. Mitambo mingi inafuata mfumo unaoitwa J1939, na utaona namba mbili: SPN inataja kitu gani, FMI inataja kimepatwa na nini. SPN 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya injini, 190 ni kasi ya injini. Ukurasa mzima huu unaweza kuusahau, lakini FMI ishike. FMI 3 maana yake volti ziko juu kuliko kawaida, 4 ziko chini kuliko kawaida, 5 ni njia iliyokatika au umeme ni mdogo, 2 ni taarifa zinazoruka ruka. Zote nne zinazungumzia njia ya umeme ya ile sensa: sensa, konekta na waya wake kwa pamoja. Kompyuta haijui ni kipi kati ya hivyo vitatu. Watu wanasoma "presha ya oili, FMI 4" wanasema sensa imekufa. Inaweza kuwa waya umegusa bodi. Achomoe sensa na aangalie: namba ikibadilika, tuseme kutoka 4 kwenda 3 au 5, kompyuta imeiona sensa ikitoka, na hapo sensa ndiyo ya kushuku. Ikibaki vile vile, mara nyingi ugonjwa uko kwenye waya au konekta.

Ila SPN 100 ikija na FMI 1, simama. Hiyo haisemi sensa mbovu. Inasema presha ya oili kweli imeshuka mpaka kiwango cha hatari. Mteja atakuomba sensa, kwa sababu taa inawaka na kuzima na injini "inasikika poa". Mwambie azime injini, aangalie oili, na apime presha kwa geji ya mkono kabla ya kuwasha tena kufanya kazi. Ukimtumia sensa na yeye akaendelea kuchimba siku mbili akisubiri basi, anaweza kuua injini nzima. Kati ya yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningependa ulikumbuke ukiwa na usingizi saa tano usiku na mteja anakuharakisha.

Kama dashibodi inapoteza kila kitu kwa mpigo kisha inarudi, geji zote zinalala, namba za hitilafu kumi zinatokea pamoja, usiuze sensa kumi. Hapo ni umeme wa kompyuta, ethi yake, au zile nyaya mbili za mawasiliano zilizosokotwa pamoja. Mtambo ukiwa umezimwa na umeme umekatwa, fundi apime ohm kati ya nyaya hizo mbili. Kwenye soketi ya duara ya matundu tisa ni C na D. Zinatakiwa kusoma kama 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya ohm 120, kimoja kila mwisho. Zikisoma 120, kimoja hakionekani au waya umekatika. Zikisoma karibu na sifuri, zimegusana. Muulize pia kama kuna mtu amechomelea chuma kwenye mtambo hivi karibuni. Kuchomelea bila kukata betri na kuchomoa kompyuta, na ethi ya mashine ya kuchomelea ikawekwa mbali na kazi, ni sababu ya kweli ya magonjwa ya ajabu ajabu.

Haya, upande wa biashara sasa. Utaniuliza, nikimwambia kila mteja asafishe ethi, mimi nitakula nini? Uza kinachotakiwa. Nyaya nene za ethi zilizokwisha bana vichwa, vichwa vya betri, konekta za kuzuia maji na pini zake, mipira ya kusinyaa kwa joto, grisi ya konekta, fyuzi za ampia zote, taa ya kupimia. Ni vitu vyepesi, havirudishwi mara kwa mara, na kila mtambo unavitaka. Ukifunga pakiti moja ya "ethi na vichwa" ya volti 24, itatoka kuliko stata. Vichwa vibanwe kwa koleo lake. Lehemu kwenye mtambo unaotikisika hufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na ndipo unapokatikia.

Stata, alteneta na selenoidi zipime kabla ya kufunga, na upige video fupi inayoonesha namba ya kipuri, volti zake na kikifanya kazi. Weka alama yako ya rangi sehemu iliyojificha, maana kipuri kinachorudi siyo kila mara ndicho kilichotoka. Masharti ya kurudisha yaandike kabla ya malipo, kwenye meseji ile ile ya bei. Ukiyaandika baada ya ugomvi, hayakusaidii.

Na meseji ya kumjibu yule wa stata, hii hapa, inakili na uibadilishe upendavyo:

"Karibu mkuu. Stata ipo. Nisaidie kidogo nisije nikakutumia kitu usichohitaji. Mtambo ni volti 12 au 24? Inagoma muda wote au kwa vipindi, na ni wakati gani hasa? Ukipiga funguo inatoa mlio gani, na taa za dashibodi zinafifia? Naomba picha ya betri, picha ya waya wa ethi unaotoka kwenye injini, picha ya skrini kama kuna namba, na namba iliyoko kwenye stata ya zamani. Fundi apime volti za kila betri, na kati ya ncha ya hasi na bodi ya stata wakati unapiga. Ukinijibu kabla ya saa kumi, mzigo unapanda basi la leo."

Asipojibu hata moja na anasisitiza umtumie tu, mtumie, hela ni yake. Ila hifadhi meseji, na video ya kipimo itume kabla basi halijaondoka.